Nyumba Namba 114

Kadi ilifika Jumanne asubuhi, mikono yangu ikiwa imejaa unga wa muhogo, na kabla sijaigeuza kuisoma nilikuwa nimeshaanza kukasirika. Wiki nne mume wangu yuko Ulaya, halafu barua yenyewe ndiyo hii: kipande cha karatasi ngumu kisichotosha hata kufunika kikombe.

Mume wangu ni Constantin Kalaba, mtunza magazini, yaani ghala, wa kampuni ya shaba. Ni mtu wa funguo. Kwa miaka kumi na miwili hajawahi kupoteza hata mmoja, na ukimwomba msumari atakuuliza wa urefu gani na wa kazi gani. Mwaka ule wa 1956 wakubwa wa Élisabethville walichagua Waafrika wanane wenye mashati safi na Kifaransa kilichonyooka, wakawapandisha ndege kwenda Ubelgiji wiki sita, wakaone ustaarabu unavyoishi kwao. Constantin alikuwa wa nane. Wiki nzima kabla ya safari alivaa tai kila alipotoka, hata akienda chooni. Nilimcheka sana, lakini nilipozipiga pasi tai zile nilijivuna kuliko yeye.

Basi nikajifuta mikono, nikaitazama kadi. Upande mmoja palikuwa na picha: mchanga mwingi, maji yasiyo na mwisho, na mbele ya maji safu ya vinyumba vyeupe, vimepangwa mstari mmoja kama kambi yetu ya wafanyakazi, kila kimoja na namba yake mlangoni. Juu ya kimoja mtu alikuwa amechora msalaba kwa kalamu. Nyuma niliutambua mwandiko wa mume wangu, ule wa shule ya mapadri, herufi zote zimesimama wima.

*Bibi yangu mupenzi. Tuko Ostende, muji ya pembeni ya bahari, Samedi na Dimanche, siku mbili ya mwisho wa juma. Balinipa nyumba, namba 114. Niliiweka musalaba juu uione. Niko na ufunguo. Bengine hawakupewa. Ambia bantu bote. Bwana yako, Constantin.*

Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili sikuelewa. Mara ya tatu nikakaa juu ya kinu.

Nikaivuka njia hadi kwa Albertine, jirani yangu wa namba 48, mwanamke anayejua mambo kabla hayajatokea. Aliisoma kadi polepole, kisha akaniletea kiti, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Albertine hana desturi ya kumpa mtu kiti.

"Mama Delphine, ikala kwanza," akasema. "Nikuulize. Humu mu kambi, nani banamupatiaka nyumba?"

"Muntu yenye kuwa na bibi."

"Na yenye hana bibi?"

"Analalaka ku ba-célibataire."

"Voilà," akasema Albertine, akanirudishia kadi kwa vidole viwili.

Asiyekaa kambini hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Constantin mwenyewe alikaa miaka sita katika jengo la makapera, wanaume watano chumba kimoja, taa moja, sufuria moja. Siku tuliyofunga ndoa alinipitisha ofisini moja kwa moja kutoka kanisani. Mimi nilingoja nje juani, veli kichwani, watu wakinitazama, yeye akaingia na karatasi ya padri ambayo wino wake haujakauka. Alitoka na ufunguo wa namba 47, akautikisa juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wali wa harusi tulikuja kuula baadaye, umepoa. Kwanza mke, kisha karatasi, kisha namba, kisha ufunguo. Kwetu hakuna njia nyingine, na mtoto wa miaka mitano anaijua.

Sasa tazama kadi. Namba ipo. Ufunguo upo. Na wengine saba hawakupewa.

Usifikiri sikujua hoteli. Hoteli ya wazungu mjini naijua, nimepita mbele yake mara nyingi. Hoteli ni chumba, na chumba mtu hasemi "balinipa nyumba." Nilijaribu kumtetea mume wangu mbele ya Albertine kwa kila njia, na kila njia ilinirudisha mlango uleule.

"Na ule musalaba?" nikauliza.

Albertine akashusha pumzi. Kambini kwetu msalaba wa chaki mlangoni ni kazi ya kapita Mukuka, msimamizi wa nyumba. Familia ikiondoka, au mwenye nyumba akifa, Mukuka anaweka msalaba, na watu waliomo kwenye orodha wanajua kwamba nyumba hiyo ni tupu, inangoja mwingine.

Albertine akasema, "Nyumba ilikuwa bule, haina muntu. Ilikuwa inamungojea yeye."

Kesho yake alikuja kaka yangu mkubwa Anaclet, ninayemwita Yaya, kutoka upande wa Kampemba. Ni mwashi, na hajawahi kuona nyumba asiikosoe. Aliigeuza kadi huku na huku, akaisogeza karibu na pua.

"Nani alijenga hii? Haina dirisha. Haina njia ya moshi. Angalia, banaweka nyumba juu ya muchanga, bila fondation! Mvua moja tu, inaenda."

"Yaya, sikukuitia fondation. Bwana yangu alioa kule ao hakuoa?"

Anaclet akafikiri. Kwanza alisema huenda msalaba ni wa kifo, labda Constantin amekufa ndani ya nyumba ile. Nikamuuliza maiti iliandika kadi kwa mkono gani. Akakubali hapo kuna shida. Kisha akasema kwamba mgeni popote anapewa nyumba mbaya, na kwa kuwa nyumba hii ni mbaya kuliko zote alizowahi kuona, basi ni kweli amepewa. Mambo ya Anaclet ndivyo yalivyo: anaanzia mbali, anapotea, halafu anafika.

"Weye rudia kwa baba, ku Kongolo," akasema mwisho. "Ondoka mbele ile bibi ya Ulaya hajafika. Akifika, weye utaitwa nani mu hii nyumba? Boyesse?"

Neno hilo la mtumishi wa ndani liliniuma, kwa sababu nililiona. Nilijiona nikimpigia pasi mwanamke nisiyemjua, nikimpikia bukari, ugali wetu wa muhogo, naye hajui kuula.

Lakini kuondoka si kuokota mtoto na kikapu. Sheria ya kambi ilikuwa hivi: mke akienda zake bila ruhusa ya ofisi, nyumba inahesabiwa tupu, inapewa familia nyingine, na mume anarudi kwa makapera. Nilijua hivyo vizuri sana. Namba 47 haikusimama juu ya matofali, ilisimama juu yangu mimi. Nikiondoka, Constantin atakosa kila kitu alichokingoja miaka sita, na mimi nitakuwa mwanamke aliyerudi kwao na mtoto mmoja mgongoni.

Kwa hiyo Alhamisi nikasema, niwaulize wazungu wenyewe. Mkubwa wa kambi alikuwa Mbelgiji mnene tuliyemwita Bwana Polepole kwa namna alivyoongea, neno moja, pumzi, neno lingine. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Wewe nataka nini?"

"Bwana, pale kwenu Ubelgiji, muntu anafanyaka nini juu ya kupata nyumba?"

Aliweka kalamu chini. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za kwao. Uso wake ukalegea.

"Ah. Nyumba kule... nguvu. Nguvu sana. Mimi ngoja miaka saba. Kwanza oa. Kisha tafuta nyumba."

"Kama hajaoa, hapati?"

"Kama hapana oa," akasema akicheka, "nyumba ya nini?"

Yeye akanitazama tumboni, akaniuliza kama nataka nyumba kubwa zaidi kwa sababu nina mimba, na kama nina mimba nilete karatasi ya daktari. Nilimshukuru nikatoka. Nilipofika kwenye ngazi nikagundua kwamba nilikuwa nimeikunja kadi ndani ya ngumi yangu hadi imevunjika katikati.

Wiki mbili zilizofuata sitaki kuzikumbuka, lakini nazikumbuka. Aliandika "ambia bantu bote," na Albertine alihakikisha agizo hilo limetimizwa. Nikifika kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mke wa kizungu anabeba mtoto mgongoni au kwenye kigari. Nilimjibu kwamba mtoto huyo atakayembeba kwanza ni yeye muulizaji.

Na nikiwa peke yangu nilichanganyikiwa zaidi, kwa sababu kadi ilikataa kukaa upande mmoja. Mtu anayeoa kwa siri hasemi utangaze. Mtu anayekuacha haandiki "bibi yangu mupenzi," wala hajiiti "bwana yako." Mara nyingine niliamka nikiwa na hakika kwamba mimi ni mjinga, kuna jambo sijalielewa. Kufikia saa ya kuteka maji nilikuwa na hakika kwamba mjinga ni yeye. Nilimpenda, hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Ningekuwa simpendi ningelala usingizi.

Mwishowe hasira ilishinda kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kazi ya kufanya. Constantin alikuwa anarudi Jumamosi mchana. Treni ya kaskazini, ya kwenda Kongolo, ilikuwa Jumamosi jioni. Ningeweza kuondoka Ijumaa, kimya, lakini kuondoka kimya si tabia yangu. Nilitaka aone. Yeye aliweka msalaba kwenye nyumba yake mpya na kunitumia nitazame. Vyema. Mimi nitamwekea msalaba kwenye ile ya zamani.

Nilimwomba Mukuka kipande cha chaki, nikamdanganya kwamba Delphine, binti yetu wa miaka mitatu, anajifunza kuchora. Jumamosi asubuhi nilihamisha mizigo yote kwa Albertine: vyungu, nguo, kinu, picha ya ndoa. Nilifagia nyumba hadi ikawa haina hata unyoya. Kisha nikafunga mlango, nikachora msalaba mkubwa, nikaukoleza mara mbili. Nikaenda kukaa dirishani kwa Albertine, Delphine mapajani, kungoja kuona uso wa mwanamume.

Saa nane kamyo, lori la kampuni, ikamshusha kwenye kona. Alikuwa amevaa koti jipya zito la rangi ya majivu, koti la baridi, katika jua lile, na kofia. Mkono mmoja sanduku, mkono mwingine kifurushi kilichofungwa kwa kamba. Alikuwa anapiga mluzi. Nikamwambia Albertine, "Angalia, anapiga mluzi," nikahisi damu ikinipanda.

Akafika mlangoni. Mluzi ukakatika.

Alitazama msalaba. Akatazama namba, 47, kama mtu anayedhani amekosea mlango. Aliweka sanduku chini, akagusa chaki kwa kidole, akakitazama kile kidole. Halafu akavua kofia.

"Juu ya nini anavua chapeau?" akanong'ona Albertine.

Mimi nilijua kabla yake. Mwanamume wa kwetu anavua kofia mbele ya mkubwa au mbele ya msiba, na pale hapakuwa na mkubwa yeyote. Constantin aliketi chini, katika vumbi jekundu, na koti lake jipya, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Mama Delphine! Balikuzika wapi? Mama Delphine, balikuzika wapi?"

Milango ikafunguka njia nzima. Nilikuwa nimetengeneza mambo yote yale ili aone aibu, ili aombe msamaha, ili nimkatalie. Sikuwa nimejitayarisha kusikia nikililiwa. Delphine akateleza kutoka mapajani mwangu, akatoka mbio akiita "Papa!" Constantin akamkumbatia, akamuuliza mtoto yule, machozi yanamtiririka: "Mama yako balimuzika wapi?" Delphine akanyoosha kidole kwenye dirisha la Albertine.

Basi nikatoka. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kutoka na hasira yangu, ingawa ilikuwa imeanza kuchechemea. Niliinua ile kadi iliyovunjika.

"Namba 114 eko na nani ndani?"

Aliniangalia kama mzimu. Alinigusa bega, akaligusa tena.

"Weye haukufwa," akasema.

"Sikufwa! Nani eko ndani ya ile nyumba? Bibi gani?"

"Bibi?"

"Nani anapataka nyumba bila bibi, Baba Delphine? Niambie! Ata Bwana Polepole alisema!"

Niliona namna alivyoelewa. Ilimchukua muda, kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu ya mwisho ya magazini yake. Nilitegemea atacheka. Angecheka, ningempiga na ile kadi. Lakini hakucheka. Aliwatazama majirani waliokwisha kujaa, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Tuingie mu nyumba."

Tuliingia katika nyumba tupu, tukaketi juu ya sanduku lake, mimi upande mmoja yeye upande mwingine.

"Ile haiko nyumba," akasema. "Ni kisanduku ya mbao. Bantu banavulaka nguo mule, mbele ya kuingia mu maji."

"Bantu gani? Banamuke?"

"Bote. Ba papa, ba mama, batoto."

"Na weye ulivula na nani?"

"Mi sikuvula." Nilisikia Albertine akikohoa karibu na mlango. Constantin akashusha sauti. "Muzungu yenye kutuongoza alilipa kisanduku kimoja, siku mbili, juu ya sisi bote munane. Bilato ya miguu, mapantalon, masaa ya mukono, tuweke mule. Kiisha akaniangalia. Akasema, 'Kalaba, weye ni magasinier. Chunga magazini.' Benzetu bote bakacheka."

"Na weye?"

"Mi pia nikacheka."

Nikaiweka ile kadi juu ya goti langu.

"Samedi nilichunga. Nikasema, bon, Dimanche mwengine atachunga. Dimanche bakaniletea bilato tena. Hakuna mwenye kuniuliza." Alikuwa anaongea akitazama sakafu. "Mulango yake inaangalia ukuta ya barabara, haiangalie maji. Lakini nyuma, mu mbao, kulikuwa kitundu."

Akainua mkono wa kulia, akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akaniwekea mbele ya macho. Tundu lenyewe lilikuwa kama kifungo cha koti.

"Bahari iko hivi," akasema.

Nilimtazama kupitia kile kitundu cha vidole vyake. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Hasira yangu ilikuwa imeshafunga mizigo, imekata tiketi, na sasa haikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa na hasira bado, lakini kwa nani? Kwa mzungu yule nisiyemjua? Kwa wale saba na viatu vyao? Kwa mume wangu aliyecheka?

"Sasa juu ya nini uliandika balikupa nyumba?"

"Ningeandika nini? 'Ambia bantu bote nachunga bilato'?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo wa shaba, na kibao cha bati kimening'inia: 114.

"Nilisahau kuurudisha," akasema.

Nikamtazama tu. Miaka kumi na miwili.

"Sikusahau," akasema.

Hapo ndipo machozi yalinitoka, na sijui hadi leo kama yalikuwa yake au yangu. Nikamuuliza jambo moja lililokuwa linanisumbua: alipouona msalaba, kwa nini alifikiri nimekufa? Kwa nini hakufikiri nimeondoka? Alishangaa, akanikazia macho kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Kuondoka? Weye? Juu ya nini?"

Halikuwa limempita akilini kabisa. Mimi nilikuwa nimemuoza kwa mzungu kwa wiki mbili, na yeye kichwani mwake hakuwa na hata nafasi ya kuniweka ndani ya treni. Niliona aibu hadi masikio yakawa moto.

Mlango ukagongwa. Alikuwa kapita Mukuka na kitabu chake cha nyumba, na nyuma yake Kunda na mkewe, wa kwanza kwenye orodha, godoro wamelibeba tayari kichwani. Habari ya msalaba ilikuwa imeshakimbia kambi nzima. Nyuma yao Albertine, nyuma ya Albertine wanawake wote wa bomba, na Anaclet aliyekuwa amekuja kunisindikiza kwenye treni.

"Mama Delphine," akasema Mukuka, kalamu mkononi, "unaenda ao unabaki? Niandike nini?"

Watu walikuwa wanangoja mambo mawili kwa pamoja: nyumba hii na nyumba ile. Nikisema ukweli wa ile, msalaba wangu utaeleweka, nitaonekana mke aliyekosea kama binadamu yeyote, watu watanicheka kidogo na kunisamehe. Lakini Jumatatu Constantin ataingia magazini na kila fundi atamvulia viatu amchungie. Nilimtazama. Alikuwa ameshasimama wima, amefunga vifungo vya koti lote, mkono umefumba ule ufunguo. Hakuniomba kitu.

"Niko nabaki," nikasema. "Musalaba niliiweka miye, kwa wivu yangu ya bule. Bafute."

"Na nyumba ya kule?" akauliza Albertine, hakuweza kujizuia.

Nikafungua kiganja cha mume wangu, nikauchukua ufunguo, nikauinua juu wote wauone. "Balimupa. Siku mbili, yeye mwenyewe tu, juu ya heshima. Hakuna bibi mule. Namba yake iko hapa, ye mwenye macho asome. Miye njo nilikuwa mujinga."

Walicheka. Walicheka sana, wakapigana mabega, na kicheko kile nilikibeba miaka. Mpaka leo Albertine akitaka kunichokoza ananiita Mama Cent Quatorze, yaani Mama 114, na nikifika bombani kuna mtu atauliza kama nimekuja na chaki. Kunda na mkewe waliondoka na godoro lao, na kwa hao ninaumia bado, kwa sababu walikuwa na watoto wawili na walingoja miezi minane mingine. Ufunguo ulipita mkono kwa mkono. Mukuka aliupima uzito, akasema shaba hii huenda imetoka kwetu, na watu wakafurahi kama wamepewa habari ya ndugu.

Nikaufuta msalaba kwa kitambaa cha maji. Ulitoka, lakini sio wote. Rangi ya mlango ilibaki hafifu mahali pale.

Tulirudisha vyungu, nikachemsha chai, watu wakakaa hata sakafuni. Anaclet alikuwa bado anasumbuliwa na msingi wa nyumba zile, lakini aliuliza swali walilokuwa nalo wote.

"Shemeki, ile bahari yenyewe. Iko mukubwa namna gani?"

Constantin akaniangalia, na mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake na birika mkononi.

"Baonyeshe, Baba Delphine," nikasema. "Baonyeshe yote."

Basi akanyoosha mikono. Akainyoosha hadi mkono wa kushoto ukamgonga Anaclet kifuani, watu wakapiga kelele za mshangao, Delphine naye akainyoosha ya kwake. Wote walikuwa wanautazama uso wake, na uso wake uling'aa. Mimi peke yangu nyuma yake niliuona mkono wa kulia, ule uliofika karibu na ukuta. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa bado vimeshikana, vimefanya kitundu.